Mizinga ya Ras Kasone

Kiswahili kinaita vitu viwili kwa jina moja:
mzinga unaotema moto,
na mzinga wa gogo, uliotundikwa mtini, umejaa nyuki.
Nilidhani ni uvivu wa waliotutangulia
mpaka asubuhi ile ya Novemba
mzinga wa meli ulipoupasua mzinga wa Shekimweri
juu ya vichwa vyetu.

Kabla ya hapo tulipigana na siafu.
Handaki tulilichimba juu ya njia yao, gizani, bila kujua.
Uwanjani tulifundishwa kulia-geuka, lenga, piga;
hapakuwa na amri ya Kijerumani
ya mdudu anayepanda ndani ya kaptura.

Na wale wa upande wa pili walikuja wakitapika.
Majuma baharini, kisha shamba la mkonge,
na mkonge haumpishi mtu,
humchoma kila apitaye kama anamdai.
Tuliwasikia kabla ya kuwaona:
vitambaa vinachanika, mtu anamwita mtu,
jina ambalo sikulishika.

Ndipo nyuki.

Tangu utotoni tunaambiwa fuata nyuki ule asali.
Wakikufuata wao, anakula nani?
Luteni alivua kofia akaipigia hewa,
shaushi akajifukia mchanga kama kasa,
mimi nikakimbilia mikokoni,
jicho la kushoto limefumba,
mdomo umevimba kama wa chewa.

Huko nikamkuta.
Kilemba kimefumuka, kimenasa kwenye mizizi,
tope limemmeza mpaka mapajani,
uso wake umevimba kama wangu,
ungetuweka pamoja ungesema ndugu, tena wabaya.
Nikamlenga. Akanilenga.
Kidole changu kilikuwa kinene,
hakikuingia kwenye kifyatulio.
Chake pia. Nilimwona akijaribu.

Basi tukakaa.
Kaa wakatoka mashimoni,
wakatupungia gando mojamoja.
Maji yalikuwa yanajaa, na yeye hakujua.
Alinitazama mimi tu, kana kwamba mimi ndiye hatari,
na mwezi ulikuwa mpevu juzi,
na bamvua, waulizeni watu wa Mwambani,
halina mateka.

Bibi yangu Mwanatumu aliokota kombe pale
mpaka mgongo ukapinda.
Alikuwa akisema: tope humpenda aliyesimama.
Likikushika, acha kiburi. Lala. Kuwa mkeka.

Lugha yake siijui. Yangu haijui.
Nikaiweka bunduki juu ya mzizi,
nikalala kifudifudi, askari mzima wa serikali,
mikono wazi, tope puani,
nikatambaa hatua mbili ili aone.
Akaniona mwendawazimu.
Maji yakagusa mkanda wake.
Akalitazama jua, akayatazama maji,
kisha, polepole, akalala.

Tope lilitoa sauti kama busu,
likauachia mguu mmoja. Kiatu likabaki nacho.
Tarumbeta ikanilia nyuma.
Mguu wa pili sikuungoja.

Jioni shaushi akapita na daftari,
masikio yake mekundu, bado yana mchanga.
"Mwinyikombo, umeua wangapi?"
Nilikuwa nachomoa miiba shingoni kwa ncha ya kisu.
Nikamwambia: yupo mmoja,
nimemwacha mikokoni, amelala kifudifudi.
Akaandika moja.

Wiki ya pili nikapewa rupia mbili juu ya mshahara.
Shekimweri alikuwa bado anazunguka ofisini
akidai fidia ya mizinga sita,
na kila karani alimuuliza, mizinga gani?
Nikanunua kwake asali iliyosalia, kibuyu kidogo.
Ilikuwa na ladha ya moshi, na kitu kingine,
sijui, chumvi.
Niliilamba kwa kidole kilekile.