Kifuniko

Nugzari aliniuzia kwenye Daraja Kavu, Tbilisi,
kati ya visu vya mezani na medali zisizo na wenyewe.
"Ya Kharkiv," akasema. "Imeizidi umri ndoa yangu,
na hii bado inafunga vizuri."

Nzito kama nusu mkate.
Dirishani mwake kila mtu ni wawili:
Bibi Lamara akianika shuka kwenye roshani,
na ubavuni pake mzimu wake wa manjano.
Nazungusha pete kwa kidole, taratibu,
mzimu unasogea, unasita,
unarudi mwilini.
Hapo nabonyeza.
Mlio mdogo, kama mtu asonyaye kwa adabu.

Wiki tatu, mara thelathini na sita:
mbwa wa mtaani mwenye kibati cha manispaa sikioni,
ngazi za Sololaki zikichuruzika mvua,
Zaza akicheka, begi begani,
saa mbili kabla ya ndege ya Gdansk.

Usiku, bafuni, nikauchomoa mkanda kwenye dawa.
Mweupe. Mtupu kama kioo cha dirisha,
mwanzo hadi mwisho.
Kifuniko sikukitoa kwenye lenzi.

Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Kamera hii hawakuijua:
dirisha linaona, lenzi imelala.

Nilicheka peke yangu, mikono ikinuka siki.
Maana Zaza nilimwona wawili
nikamfanya mmoja, kwa kidole changu hiki,
na nilikuwa sina haraka.

Mkanda mwingine nimeshapachika.
Kifuniko kiko mezani,
nakitilia chumvi.