Ratili Elfu Saba

Merritt alitaka pikapu nyekundu.
Aliizunguka mara tatu pale yadi ya Duane,
akapiga tairi teke, kama wafanyavyo wanaume
walioshaamua, wanatafuta shahidi tu.
"Hii inavuta nyumba," Duane akasema,
"sembuse katrekta kadogo kama kenu."

Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.

Nyumbani niligeuza kalenda ya benki
nikaandika mgongoni mwa Oktoba:
trekta, jinsi ilivyozaliwa kiwandani, ratili elfu mbili na mia sita.
Koleo la mbele, mia tisa na hamsini;
hatulivui kamwe, ni kama mtu na mikono yake.
Fyekeo la nyuma, mia sita na ushei.
Matairi (hapo Merritt akacheka),
matairi ya nyuma tuliyajaza maji ya kiazisukari
yasigande baridi ya Vermont ikija na meno yake:
ratili mia saba, tamu, zisizoonekana.
Minyororo. Dumu la dizeli. Sanduku la spana.
Halafu trela yenyewe, ambayo kila mtu huisahau
kama asahauliwavyo mpagazi katika hesabu ya mzigo.

"Elfu saba," nikasema. "Na matope bado."
"Karatasi ya Duane inasema saba na nusu."
"Karatasi haijawahi kushuka Kilima cha Pruitt."

Jumamosi tukaazima trela ya Hollis Cota,
ekseli mbili, breki moja tu yenye masikio.
Pikapu nyekundu tukapewa ya kujaribu.
Kupanda, ilipanda. Siwezi kuisingizia.
Ila kule juu, pale lami inapokunja
na bonde zima likalala miguuni petu,
trela ikaanza kutikisa kichwa:
hapana.
Kidogo. Tena.
Hapana, hapana, hapana,
mkokoteni ukamwongoza punda.
Merritt hakusema neno. Masikio yake yalikuwa meupe.

Kuvuta, hata tamaa huvuta.
Kusimama ndiko kwenye bei.

Tulijibanza kwenye njia ya wakata magogo.
Trekta ilikaa nyuma mno; niliisogeza mbele
hatua moja, urefu wa buti langu na nusu,
shingo ya trela ikalalia ndoano kama inavyopasa,
na pikapu nyekundu ikachuchumaa,
pua juu, taa zikimulika viota vya kunguru mchana kweupe.
"Kijana mzuri," nikasema. "Hajabeba msiba."
Merritt akatazama ile rangi mara ya mwisho.

Tulinunua ya Eunice Thibault, baada ya mazishi ya mumewe.
Nyeupe iliyochoka, mlango mmoja wa kijani
uliotoka gari jingine, maisha mengine.
Ndefu kama ukumbi wa kanisa.
Springi ngumu: ikiwa tupu inakurusha hadi darini,
ikibebeshwa, inatulia. Kuna watu wa namna hiyo.
Trela tukanunua mpya, futi ishirini,
breki kwenye magurudumu yote manne,
ghali kuliko gari linaloivuta.
Duane hadi leo ananiamkia nusu nusu.

Jana tulishuka Pruitt na kila kitu mgongoni,
theluji ya kwanza ikitafuta pa kukaa.
Merritt alikigusa kile kidude cha breki kwa kidole kimoja,
kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa mkwe.
Chini, penye alama ya kusimama,
tukasimama.
Basi. Minyororo ililia mara moja, ikanyamaza.

Nikashuka nikapapasa vitovu vya magurudumu
kwa mgongo wa mkono, jinsi mtu apimavyo homa ya mtoto.
Cha kwanza, vuguvugu. Cha pili. Cha tatu.
"Vipi?" Merritt, kupitia mlango wa kijani.
Nikarudisha mkono kwenye cha nne.
"Hiki kina joto."
"Sana?"
"Kidogo. Zima injini."