Taarifa ya Agosti

Majirani wapendwa,
ada ya mwezi itapanda kwa dola thelathini na nane
kuanzia tarehe mosi Oktoba.
Mhazini, Bwana Lindqvist, ameeleza kwa michoro mitatu
na kijiti chenye taa nyekundu
kwa nini hakuna njia nyingine.
Wajumbe watano wameunga mkono. Mmoja alikuwa amesinzia,
akahesabiwa pamoja nao.

(Hili la usingizi nitalifuta kabla ya kuchapa.)

Mji umetukatia theluthi ya maji.
Mashimo tisa ya nyuma hayatanyweshwa tena.
Tulikuja Arizona kufuata jua; sasa tunalilipia.
Nyasi zitageuka rangi ya mkate, kisha rangi ya majivu,
na tunaomba msipige simu ofisini kuuliza kama zimekufa.
Zimekufa.
Neno tulilokubaliana ni "zimepumzika."

Nguruwe-pori wameonekana shimo la saba,
mama na watoto wanne,
wakifukua ardhi kama watu waliopoteza ufunguo.
Msiwalishe.
Bi Ottilie wa namba kumi na sita,
tunajua matikiti yanatoka kwako.

Masanduku ya barua: rangi zinazoruhusiwa ni mchanga,
mchanga uliofifia,
na mchanga wa jioni.

Kifungu cha nne, aya ya pili.
Hapa kalamu hunilemea.
Mbele ya namba arobaini na moja, kwa Bwana Delmar Yoakum,
ulijengwa mteremko wa mbao mwezi Machi, bila idhini,
mbao tupu zisizopakwa rangi, zinazoonekana kutoka barabarani.
Barua ya kwanza niliiandika mimi.
Ya pili niliiandika mimi.
Faini, dola hamsini kwa siku, niliipigia hesabu mimi
mezani jikoni, nikila zabibu.
Nilijua mteremko ni wa nini. Sote tulijua.
Verna alikuwa akishushwa juu yake kila jioni
kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya ukili kichwani,
awatazame wachezaji wa mwisho kwenye shimo la kumi na nane.
Aliwapigia makofi waliokosa tu.

Kanuni haina macho, alisema mwenyekiti,
nami nikaandika: Kanuni haina macho.

Juni ishirini gari la wagonjwa liliingia bila king'ora
(kelele zimekatazwa baada ya saa nne usiku,
ingawa sidhani dereva aliwahi kusoma kitabu chetu).
Wiki mbili baadaye Delmar aliung'oa mteremko peke yake,
ubao kwa ubao, kwenye joto la kuyeyusha soli za viatu,
misumari akiitia ndani ya kopo la kahawa.
Nilimwona nikiwa kwenye kigari changu.
Nilipunguza mwendo.
Sikusimama.

Na sasa kompyuta, isiyojua matanga ni nini,
imejitolea barua yenyewe:
Mpendwa mwenye nyumba, asante kwa ushirikiano wako.
Kosa limerekebishwa.
Inangoja sahihi yangu.

Nimekaa nayo tangu asubuhi.
Nimelifuta neno "kosa."
Kimebaki kitenzi bila kiima,
kama bendera iliyochomekwa kwenye shimo lililokauka.
Nimeirudisha kwenye droo. Si ushujaa huo. Ni droo tu.

Mengineyo: mipira iliyopotea.
Bwana Yoakum ameleta ofisini ndoo mbili,
yote iliyoangukia uani kwake kwa miaka kumi na mmoja.
Imeoshwa. Kwenye mingine, kwa wino wa buluu,
kuna tarehe na mwandiko usio wake:
"dirisha la jikoni," "nusura paka," "huyu aliomba radhi."

Wenyewe waje wachukue. Ofisi hufungwa saa kumi.
Mmoja nimeutia mfukoni, ule wa paka.
Mimi sichezi gofu.

Mkutano ujao ni Jumanne ya pili.
Kahawa itakuwepo.