Kina Kimezidi

Risiti ya kwanza ilitoka saa mbili asubuhi, Mwaloni Kirumba,
karatasi nyembamba, maandishi ya kijivu yaliyofifia:
175000.0
Mnunuzi wa Bukavu akaiinua juani. Nukta hakuiona.
Akasoma milioni moja, laki saba na nusu,
akamtazama Mama Milembe
kama mtu aliyemkuta jikoni kwake usiku.

Programu ile niliiandika mimi.
Mimi Holo, karani wa dagaa, cheti cha miezi sita,
kompyuta ya mtumba iliyong'oka herufi R.

Mashine haina ubaya. Uliiambia printi, ikaprinti.
Ilitoa namba kama ilivyoishika tumboni,
na magamba yake, na utumbo wake, na nukta-sifuri yake.
Nani aliifundisha kwamba hela nayo huparwa
kabla ya kuwekwa mbele ya mgeni?

Usiku, Kitangiri, umeme umerudi,
nikafanya jambo ambalo lugha ile inaliruhusu bila kelele:
neno ulilolikuta limezaliwa nayo
unaweza kulitwaa jina, ukalipa mwili mwingine.
Nikaandika: kuanzia sasa printi ni hii —
shika namba, kata nukta, tia mkato kila tarakimu tatu,
tanguliza sh., kisha printi.

Kisha printi. Hapo ndipo nilipokosea.
Maana printi ilipofika kwenye printi ilijikuta yenyewe,
ikashika, ikakata, ikatia mkato, ikajiita,
ikaja, ikashika, ikakata, ikajiita,
na karatasi haikusogea hata unywele.
Mara elfu moja hivi. Kisha kioo kikawa chekundu:
kina kimezidi.
Nilicheka peke yangu. Ng'ambo ya dirisha
kulikuwa na ziwa zima, na halijawahi kulalamika.

Dawa yake ni ndogo.
Kabla hujalipa neno mwili mpya, liweke la zamani mahali,
kwa jina jingine, ili kazi mpya iwe na wa kumwita.
Nililiita nkwimba.

Nkwimba alikuwa karani kabla yangu.
Alibonyeza kalamu hata nakala ya tatu
chini ya kaboni ikasomeka.
Mikato yake ilikuwa na mikia.
Aliondoka na macho mabovu na kanga mbili za kuagwa.
Nkwimba ni printi, nikaiambia mashine.
Mapambo ni yangu,
lakini mwisho wa kila mstari ni yeye anayebeba wino.

Asubuhi: sh. 175,000.
Mtu wa Bukavu akatabasamu, akahesabu noti.
Mpaka mstari wa chini.
Magunia: sh. 12.
"Holo," akasema Mama Milembe, polepole, ile polepole ya hatari,
"magunia yangu kumi na mawili
yamekuwa shilingi kumi na mbili?"
Yalikuwa. Tarehe nayo, sh. 14. Namba yake ya simu
ilikuwa utajiri ambao Kirumba yote haijapata kuushika.
Hata onyo nililojiandikia la karatasi kuisha
lilikuja na bei: zimebaki sh. 3.

Nilikuwa nimebadili neno kwa mji mzima
na shida ilikuwa kwenye safu moja.

Nikarudisha. Printi ni nkwimba, nikaandika,
na neno likarejea kwake bila kinyongo.
Hela nikazitungia kazi yao, yenye jina lao,
inayoitwa pale tu hela zinapopita.

Jina la Nkwimba sikulifuta.
Mstari mmoja, juu kabisa ya faili.
Atakayekaa kiti hiki baada yangu atauliza ni wa nini.

Leo mvua imelowesha dagaa Igombe.
Magunia: 9, inasema risiti,
tisa tupu, bila mkato wala shilingi,
na Mama Milembe anaikunja mara nne,
anaifunga kwenye pindo la kanga
bila kuisoma.