Ndoo ya Lita Tano

Wifi Sechelela, uliniuliza kwenye simu
lita tano nazipeleka wapi kila Jumamosi,
tumbo gani la mjini linalomaliza mtindi wote huo.
Sikukujibu. Chapati ilikuwa inaungua.
Sasa wamelala.

Ndoo huja na Lameck, kwa pikipiki, kutoka Mvumi,
imefungwa kwa mpira wa tairi
na kipande cha khanga kuukuu ya mama yako,
vumbi jekundu hadi kwenye midomo ya mfuniko.
Nafungua polepole, kama barua
nisiyojua ni ya heri au ya deni.
Juu umekaa utando wa mafuta, wa manjano, mzito,
una mikunjo kama uso uliotoka usingizini.
Utando huo siutoi.
Dukani kuna wa kopo, mweupe kama chokaa,
umeenguliwa mafuta, umeandikwa "mwepesi".
Mwepesi kwa nani?
Mtoto akishiba upepo, usiku atamlilia nani?

Siku ya kwanza sipiki nao kitu. Ni dhambi.
Ni ugali wa uwele, wa kijivu, wa moto,
na bakuli katikati ya mkeka.
Kaka yako anataka sukari. Mtu mzima, ana mvi.
Namtilia kijiko kimoja, nageukia ukutani nisione.

Baada ya hapo mikono huanza kazi.
Nyama ya mbuzi, ile ambayo muuzaji wa Majengo
ameniapia ni ya mbuzi mchanga
(mchanga wa enzi za babu yake),
naizika humo na kitunguu saumu na tangawizi
tangu alfajiri mpaka nitoke kazini.
Jioni inauachia mfupa bila ugomvi.
Maandazi nayakandia mtindi, maji naacha.
Maharage yakizidi pilipili nayatuliza nao,
ila kwanza naipua sufuria:
mtindi ukikutana na moto mkali hukasirika,
hukatika vipande, na hakuna wa kuupatanisha.
Hilo nilijifunza mbele ya wageni.
Kwenye mlenda nilijaribu mara moja.
Tusiliongelee.

Nyemo hutumbukiza zabibu za Hombolo,
anakula, anatema mbegu kwenye kiganja changu
kana kwamba kiganja changu ni kisosi.
Uji wa ulezi ukimchoma ulimi, mtindi unaupoza.
Na usiku, kisigino kikipasuka kwa ukame wa Septemba,
ninachokomba ndooni nakipaka. Usicheke.

Lakini kuna jambo sijawahi kukwambia.
Mwaka ule mvua ilipotudanganya
ndoo ilikuja nusu, halafu robo,
halafu Lameck akaja mikono mitupu,
akasimama getini akiizungusha kofia yake.
Nilikuwa na kijiko kimoja tu, chini ya gilasi.
Nikanunua maziwa kwa jirani wa Ipagala,
nikayachemsha, nikayapoza hadi kidole kikubali,
nikatia kile kijiko, nikafunika kwa sweta la shule.
Sikulala vizuri. Nilijiona mjinga,
mtu mzima anayeamkia gilasi.

Asubuhi yalikuwa yameganda.
Ule moshi wa kibuyu haukuwemo,
lakini uchachu ulikuwa wake,
ule unaokuja nyuma ya ulimi kwa kuchelewa,
kama yeye anapotaka kukusema.

Tangu siku hiyo, kila ndoo ikifika,
kabla mtu yeyote hajaonja, natoa kijiko, nakifungia.
Lameck anasema siku hizi anakamua kwa kupapasa,
anamtambua ng'ombe kwa pumzi.
Anasema pia kwamba tusimwambie mtu. Nimekwambia.

Basi njoo Jumapili. Nimekuwekea gilasi yako.
Uje na chupa ya kioo, yenye mfuniko unaokaza.
Ile ya plastiki uliyoleta mwaka jana
bado inanuka sabuni.