Kiroba cha Mawe

Nsimire, mdogo wangu, ulinitumia sauti kwenye simu
ukilia kana kwamba umefiwa:
romarini ya tatu imekauka.
Nikasikia mvua ya Kadutu ikipiga bati nyuma ya kilio chako,
nikamjua muuaji kabla hujamtaja.

Udongo wenu ni mwekundu, mnono;
ukishika maji hauyaachii,
kama shangazi yetu na deni la mtu.
Muhogo unaupenda, mgomba unaunenepea.
Ila huyu mgeni mwenye majani ya sindano
hataki kulala miguu ikiwa majini.

Mimi wangu nilimwokota jikoni kwa masista,
kijiti cha urefu wa kidole
kilichotupwa pamoja na maganda ya vitunguu.
Nikakipukusa majani ya chini, nikakitia kwenye glasi
juu ya meza ya cherehani, karibu na dirisha.
Siku kumi na nane nilishona sare za shule
huku nikichungulia kitako chake,
hadi ukachomoza uzi mweupe
ambao haukutoka kwenye kibiringo changu.

Hapa Majengo hatuna udongo, wajua.
Tuna kile mlima ulichotapika.
Nilivunja jiwe kwa nyundo, nikapata kokoto,
nikachanganya na samadi ya mbuzi, konzi moja tu,
nikatoboa kopo la maziwa kwa msumari, matundu matano.
Ikashika.

Balume ndiye aliyekaribia kuiua.
Mume mwema: kila jioni alirudi na chukudu,
bidoni mbili za maji ya ziwa,
na wa kwanza kunyweshwa, kabla ya watoto,
alikuwa huyo wa kwenye kopo.
Ikaanza unjano, kutokea chini.
Nikamwambia: chomeka kidole.
Kikitoka kikavu hadi kifundo cha pili, mpe.
Kikitoka na tope, keti, unywe chai yako.
Alininunia siku mbili.
Mtu aliyepanga foleni ya maji tangu utotoni
haamini kuna kiumbe kinachonawiri kwa kunyimwa.

Sasa kinanifika kiunoni.
Kasoki wa nyumba ya pili huja Jumapili
kuomba tawi la mchuzi wa mbuzi;
binti zake hulichemsha kwa nywele, wanukie hadi kanisani.
Nakata kila mara, penye kijani tu,
kwenye mti mkavu chipukizi hairudi.
Na mlima ukikohoa usiku,
asubuhi nalifuta jivu kwa kitambaa chenye maji,
tawi kwa tawi, kama uso wa mtoto aliyekula ugali.

Basi jana nilijaza kiroba, nikakipeleka bandarini.
Karani wa boti akakipima. Akakipima tena.
«Mama, humu mna nini?»
«Mawe.»
«Yanakwenda wapi?»
«Bukavu.»
Wapagazi walicheka hadi wakaketi chini.
Mmoja akasema, kule wana mawe yao.
Nikamjibu: ya kwao hayana matundu.
Nikalipia bei ya viazi.

Sikumwambia karani
kwamba niliyavunjia pale palipokuwa na mlango
wa nyumba yetu ile ya kwanza, unayoikumbuka,
iliyokuwa na pazia la maua.
Moto ule ulikula vyote.
Sasa na ubebe kitu.

Yaoshe kwanza. Nusu yawe mawe, nusu udongo wako.
Panda juu ya mteremko, si bondeni,
pale jua linapogonga kabla ya saa nne.
Chomeka kidole kabla ya kumwaga maji.
Na siku ukiwa na huzuni usiimwagilie kabisa,
nakujua, hutajua kuacha.

Kiroba nirudishie kwa boti ya Alhamisi.
Bado ni kizima.