Kulidunga Jiwe

Kwetu kaskazini mwa Shaanxi
udongo ni wa njano, laini kama unga wa dengu,
na mvua huja kama mdeni:
kwa mlango wa nyuma, haketi, haahidi.
Mama mkwe hununua maji kwa pipa.
Huoshea mboga, kisha miguu,
yanayobaki hunywa mkunazi wa uani.

Nami, Qiao Suyun, wa zamu ya usiku,
nashusha maji mita elfu mbili chini ya mkunazi huo.
Mita za ujazo mia tatu na arobaini.
Naandika daftarini, natia sahihi.

Aliniuliza mara moja tu, akikunja tambi:
"Hilo jiwe lenu lina kiu kutushinda?"

Sikuwa na jibu la kuweka mezani.
Jibu liko ofisini, kwenye trei ya sampuli:
kipande cha mchanga ulioshikana, kijivu, kizito,
ukikipuliza hakipitishi pumzi.
Mafuta yamo humo, yamejikalia vyumbani,
na milango ya vyumba ni myembamba kuliko unywele,
kuliko unywele uliopasuliwa mara mia.
Hodi ya kawaida hayaisikii.

Maji ya kwenda huko hayaendi na vumbi la safari.
Tunayachuja, tunayachuja tena,
tunayatia chumvi kidogo, kwa kipimo,
maana ule mfinyanzi uliojificha kwenye jiwe
ukionja maji yasiyo na chumvi huvimba,
hujaa mlangoni, na hapiti mtu.

Mwaka juzi alikuja mhandisi Ju Hengbo,
kijana, buti bado zinang'aa.
Alitazama hesabu zetu, akasema: ongeza.
Tukaongeza.
Geji ikapanda kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili.
Pampu zilitetemesha bilauri yangu ya chai.
Saa tisa usiku mshale ukaanguka ghafla,
kama mtu aliyechoka kubisha akasema haya, twaeni.
Kule chini jiwe lilikuwa limepasuka.
Maji yakaona ufa, ufa ukawa barabara,
barabara ikanyooka hadi kisima ishirini na saba.
Siku ya tisa kisima kilitoa maji matupu.
Niliyakinga kwenye chupa, nikayaonja ncha ya ulimi.
Chumvi kidogo, kwa kipimo.
Yalikuwa yangu.

Chururu si ndo! ndo! ndo!, husema wahenga;
wahenga hawakuchimba hapa.
Hapa chururu ndiyo hasara,
na ndo, ndo, ndo
ndiyo kazi yenyewe.

Hengbo hakusema kitu siku mbili.
Ya tatu alikuja na ratiba aliyoifuta mara nyingi
hadi karatasi ikatoboka:
wiki mbili dunga, polepole. Wiki mbili funga.
"Tukifunga, nani anafanya kazi?" nilimuuliza.
"Jiwe," akasema. "Hunywa lenyewe.
Maji hujibandika ukutani,
mafuta hukosa pa kushika."
Alisema akitazama buti zake, zilizokuwa njano sasa.

Tulingoja miezi saba.
Makao makuu walipiga simu, wakapiga, wakaacha.
Usiku wa kufunga kituo kilikuwa kimya
hata nilisikia panya wakijadiliana darini.
Mwezi wa nane, ishirini na saba kikakohoa
maji, maji, kisha uzi mweusi ndani ya maji,
kisha uzi ukanenepa.
Tani moja na robo kwa siku.
Si mali ya kupigiwa vigelegele.
Hengbo alipiga picha ndoo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi twayazoa:
yanapanda na mafuta, twayatenga,
twayachuja, twayarudisha chini.
Si yote. Mengine bado twayatoa mtoni,
na mto wenyewe waujua ulivyo.

Leo nimetoka zamu kukipambazuka.
Mama mkwe alikuwa uani na maji ya mboga.
Alimimina nusu kwenye shina,
akaingia kutazama uji wa mtama,
akatoka, akagusa udongo kwa kidole,
akamimina nusu iliyobaki.
Hakunieleza, sikumuuliza.
Na lile swali lake
bado nimelibeba, zamu hadi zamu.